Kikokotoo, Kodi na Deni la Serikali: Hesabu Moja Yenye Majina Matatu

Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana Ikulu jijini Dar es Salaam na viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Wakati huo watumishi wa umma walikuwa wamecharuka nchi nzima kwa sababu ya kanuni mpya zilizotaka mstaafu alipwe asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo, na kinachobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Rais aliagiza kanuni hizo zisitishwe na wastaafu waendelee kulipwa kwa utaratibu wa zamani hadi mwaka 2023. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini siku ile hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka katika mfuko wowote.

Ndiyo maana suala hilo lilirudi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilianza kutumia kikokotoo kimoja cha mafao kwa wote: mkupuo wa asilimia 33, na pensheni ya mwezi iliyobeba asilimia 67 iliyosalia. Walimu, wauguzi na askari waliokuwa wakitarajia nusu ya mafao yao kwa mkupuo walilalamika upya, na wabunge wakawasemea. Juni 2024, Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 watapewa asilimia 40, na wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikilipa asilimia 25, waliopandishwa hadi 33, watapewa asilimia 35.

Ndani ya miaka sita, basi, asilimia zilibadilishwa zaidi ya mara moja, na kila safari mjadala uliishia kwenye asilimia hizo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba asilimia ya mkupuo ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Kikokotoo, deni la Serikali na kodi ni hesabu moja. Anayejadili kimoja na kuviacha viwili atapata jibu linaloonekana sahihi leo na kumuumiza mstaafu kesho.

Deni lililozaliwa mwaka 1999

Kabla ya Julai 1999, mtumishi wa Serikali Kuu ya Tanzania hakuchangia pensheni. Alifanya kazi, akastaafu, akalipwa na Hazina kutoka katika makusanyo ya kodi. Sheria ya mwaka 1999 iliunda mfuko wa PSPF na kuweka utaratibu wa kuchangia: mtumishi akatwe asilimia 5 ya mshahara, Serikali kama mwajiri iongeze asilimia 15. Ulikuwa uamuzi mzuri. Pensheni iliacha kuwa ahadi tupu ya bajeti ikawa akiba yenye jina la mtu.

Tatizo lilikuwa kwa wale waliokwisha kuwa kazini. Tuchukue muuguzi aliyeajiriwa Julai 1979 na kustaafu Julai 2009. Ametumikia miaka 30. Katika hiyo, miaka 20 ya kwanza haikuwa na mchango wowote, na miaka 10 tu ndiyo iliyochangiwa. Alipofika dirishani kudai haki yake, mfuko ulimlipa kwa miaka yote 30, kama sheria ilivyotaka. Theluthi mbili ya utumishi wake haikuwa na akiba nyuma yake. Serikali ilikubali kwamba sehemu hiyo ni wajibu wake na kwamba itaurejeshea mfuko fedha hizo. Kwa miaka mingi haikurejesha kwa kiwango kilichohitajika, na mfuko ukaendelea kuwalipa wazee kwa michango ya vijana.

Hapo ndipo PSPF ilipoanza kudhoofika. Wastaafu wakaanza kusubiri mafao kwa miezi mingi, na wengine wakafa wakiwa bado wanafuatilia faili. Mambo mengine yakaongeza uzito. Mifuko ilitoa mikopo na kujenga miradi ya Serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa mfano unaojulikana zaidi, na marejesho yakachelewa, jambo ambalo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amelipigia kelele ripoti baada ya ripoti. Kuanzia mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilibanwa na nyongeza za mishahara zikasimama kwa miaka kadhaa. Kwa bajeti ya mwaka husika hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mfuko wa pensheni ilikuwa pigo, kwa sababu mfuko unaishi kwa wachangiaji wapya na mishahara inayopanda.

Agosti 2018, PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi. Muungano ulipunguza gharama za uendeshaji na kuondoa ushindani usio na maana wa mifuko mitano kugombea wanachama wale wale. Lakini kuunganisha mifuko hakufuti deni. PSSSF ilirithi mali za mifuko yote minne, na ikarithi pia pengo la PSPF.

Hatua kubwa ilikuja Desemba 2021. Baada ya uhakiki, deni la michango ya kabla ya 1999 lilitajwa kuwa shilingi trilioni 4.46, na Serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF. Deni la ndani la Serikali likapanda ghafla katika takwimu, ingawa Serikali haikuwa imekopa hata senti mpya kwa hatifungani hiyo. Lililotokea ni kwamba deni lililokuwepo kwa zaidi ya miaka 20 hatimaye liliandikwa. Kwa muda wote ule, taarifa za deni la Serikali zilikuwa zikisomwa bungeni bila kumhesabu mdai mmoja mkubwa: mtumishi aliyezeeka.

Hesabu ya mwalimu mmoja

Sasa tukiangalie kikokotoo chenyewe, maana watu wengi wanakibishania bila kukifungua. Tuchukue mwalimu aliyetumikia miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wa kukokotolea wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka.

Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF, miezi ya utumishi iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa na mshahara wa mwaka. Mwalimu wetu anapata pensheni kamili ya milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake, milioni 4, inazidishwa kwa 15.5 na kuwa mkupuo wa shilingi milioni 62. Nusu ya pili inagawanywa kwa miezi 12, naye anapokea takribani 333,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa utaratibu wa 2022, kigawanyo kilikuwa 580 badala ya 540, na kizidisho cha mkupuo kikawa 12.5 badala ya 15.5. Pensheni kamili inashuka hadi takribani milioni 7.45 kwa mwaka. Mkupuo wa asilimia 33 unakuwa milioni 30.7, na pensheni ya mwezi takribani 416,000. Kwa asilimia 40 za mwaka 2024, mkupuo unapanda hadi milioni 37.2 na pensheni ya mwezi inashuka hadi takribani 372,000.

Wanaotetea mabadiliko husema mstaafu hapotezi kitu, kwa sababu kilichopungua kwenye mkupuo kinarudi kwenye pensheni ya kila mwezi. Kwa mwalimu huyu, mkupuo wa 2022 ulipungua kwa takribani milioni 31.3, na pensheni ya mwezi ikaongezeka kwa takribani 82,500. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichopungua, anahitaji miezi 379, zaidi ya miaka 31. Akistaafu na miaka 60, atarudisha fedha zake akiwa na miaka 91, bila hata kuhesabu kwamba shilingi ya wakati huo haitanunua kile inachonunua leo. Kwa mpango wa asilimia 40 hali ni ngumu zaidi kwa kipimo hicho: mkupuo umepungua kwa takribani milioni 24.8, nyongeza ya mwezi ni takribani 39,000, na fidia inahitaji zaidi ya miaka 52.

Kwa hiyo asilimia haikuwa kiini cha maumivu. Asilimia huamua tu kiasi gani kilipwe mapema na kiasi gani kilipwe polepole. Kilichopunguza haki yenyewe ni 540 kuwa 580, na 15.5 kuwa 12.5. Namba hizo mbili hazikubebwa kwenye mabango, na hata nyongeza ya mwaka 2024 haikuzigusa. Wafanyakazi walipigania mlango huku ukuta ukisogezwa.

Haki inadai pia tuseme upande wa pili. Wataalamu wanaotathmini uhai wa mifuko hawakubuni tatizo. Mchango wa asilimia 20 kwa miaka 30, hata kama mwalimu yule angelipwa milioni 1 tangu mwezi wa kwanza wa ajira, ungefika milioni 72 kabla ya faida ya uwekezaji. Kwa kawaida mishahara ya mwanzo huwa midogo sana kuliko ya mwisho, hivyo michango halisi ni pungufu kwa mbali. Mfuko uliotoa milioni 62 siku ya kwanza, kisha ukaahidi 333,000 kila mwezi maisha yote, ulihitaji faida kubwa ya uwekezaji, wachangiaji wapya wengi na mwajiri anayelipa deni lake kwa wakati. Vyote vitatu vilikosekana kwa pamoja. Utaratibu wa zamani usingeweza kuendelea hivi hivi, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayewaambia wanachama wake kinyume cha hapo hawatendei haki.

Swali ni nani alipe gharama ya marekebisho. Pengo lilisababishwa kwa sehemu kubwa na mwajiri aliyechelewa kulipa. Anayebebeshwa ni mtumishi ambaye mchango wake ulikatwa kwenye mshahara kila mwezi, hata mwezi mmoja haukurukwa.

Kodi isiyoitwa kodi

Serikali inapohitaji fedha ina njia chache: kutoza kodi, kukopa, kupunguza matumizi au kupunguza ahadi zake. Tanzania Bara hukusanya kodi inayokaribia asilimia 13 ya pato la taifa, kiwango kidogo kwa nchi iliyokuwa ikijenga reli ya kisasa na bwawa la umeme kwa wakati mmoja. Kila jaribio la kupandisha makusanyo kwa haraka limekutana na upinzani. Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu. Wananchi wakalalamika, zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, na nyingi zikaondolewa. Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia mwenendo wa ukusanyaji wa kodi. Mwaka 2024 Rais aliunda tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Nchini Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi: tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi wakipinga Muswada wa Fedha, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Ukilinganisha, kupunguza mafao ni rahisi kisiasa. Kodi hupitia Sheria ya Fedha. Hujadiliwa kifungu kwa kifungu na kupigiwa kura. Kikokotoo hubadilishwa kwa kanuni za waziri. Lakini ukimwondolea mwalimu sehemu ya malipo aliyokwisha kuyafanyia kazi ili kuziba pengo la Serikali, umemtoza. Tofauti ni kwamba kodi hii humwangukia mtumishi wa umma peke yake, na humwangukia akiwa na miaka 60, wakati hawezi tena kuanza upya.

Ndiyo maana mkupuo una uzito mkubwa katika maisha ya watu. Mtumishi wa kipato cha kati mara nyingi hapati mkopo wa nyumba wenye riba anayoimudu. Nyumba yake huinuka kwa mkupuo. Mtaji wa duka, bajaji ya kijana asiye na ajira, deni la matibabu la mzazi, vyote hungoja siku ile. Maofisa husema wastaafu hufuja fedha, na ni kweli wapo wanaotapeliwa. Dawa ya utapeli ni elimu na polisi. Mwalimu aliyepanga bajeti ya darasa kwa miaka 30 anaweza kupanga ya kwake.

Mkopeshaji na mdaiwa katika meza moja

Hadi Machi 2025, deni la Serikali ya Tanzania lilikuwa limefikia shilingi trilioni 107.7, karibu theluthi moja ikiwa deni la ndani. Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha kwamba mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii kwa pamoja hushikilia zaidi ya nusu ya deni hilo la ndani. Kwa maneno mengine, mtumishi anayekatwa mchango leo ni miongoni mwa wakopeshaji wakubwa wa Serikali, ingawa wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Hilo peke yake si baya. Hatifungani za Serikali zimekuwa uwekezaji wenye faida na usalama kuliko miradi mingi ya majengo ambayo mifuko iliwahi kuingia na kukwama. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Kwa Hazina, na kwa mlipa kodi, ilikuwa nafuu. Kwa mfuko wa pensheni ilimaanisha faida ndogo kwa miaka 25 ijayo. Mstaafu na mlipa kodi walivutana hapo, na mara nyingi hao wawili ni mtu yule yule.

Hatari ya kweli huonekana deni linaposhindikana kulipwa. Desemba 2022, Ghana ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mifuko ya pensheni iliwekwa ndani ya mpango huo, ikatolewa pale vyama vya wafanyakazi vilipotishia mgomo wa nchi nzima, na mwaka 2023 ikakubali mpango tofauti. Wazee walionunua hatifungani kwa fedha zao wenyewe walikusanyika nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra, na Februari 2023 aliyekuwa Jaji Mkuu, Sophia Akuffo, alisimama pamoja nao. Nchi ikielemewa na deni, mzee aliyeweka akiba huitwa mezani wakati hakuwahi kuitwa fedha zilipokuwa zikitumika. Tanzania haiko huko. Inapaswa kujifunza kabla ya kufika.

Walio nje ya hesabu

Kuna wengi zaidi ambao kikokotoo hakiwahusu hata kidogo: mkulima wa Rungwe, mama lishe wa Buguruni, mvuvi wa Kilwa. Hao hulipa kodi ya ongezeko la thamani kila wanaponunua sabuni, na kodi hiyo huchangia ile asilimia 15 ya Serikali katika pensheni za wengine. Zanzibar ilichukua hatua ya kupongezwa Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Fedha hizo hutoka kwenye bajeti, yaani kwenye kodi. Bara haina mpango wa aina hiyo kwa wazee wote. Mfumo unaodai haki kwa wastaafu wa ofisini ukamsahau mzee wa shambani haujakamilika.

Kinachopaswa kufanyika

Kwanza, sehemu ya deni la kabla ya 1999 iliyobaki baada ya hatifungani ya 2021 ilipwe kwa ratiba inayojulikana, na kila bajeti ionyeshe kiasi kilicholipwa na kilichosalia. Michango ya mwajiri na mikopo ya miradi iwekwe kwenye ratiba hiyo hiyo.

Pili, tathmini ya uhai wa PSSSF na NSSF itolewe hadharani, kwa Kiswahili, ikiwa na hesabu za mifano kama ya mwalimu wetu. Wajibu wa pensheni usomwe bungeni sambamba na deni la Serikali.

Tatu, mjadala uhame kutoka asilimia ya mkupuo kwenda kwenye 580 na 12.5. Vyama vya wafanyakazi vidai sababu za namba hizo, na vidai pia pensheni ya mwezi ipandishwe kwa utaratibu maalumu kufuatana na mfumuko wa bei badala ya kusubiri huruma ya bajeti. Mabadiliko yoyote yahusu miaka ya utumishi inayokuja. Miaka iliyokwisha kufanyiwa kazi ihesabiwe kwa kanuni iliyokuwepo.

Nne, kikokotoo kiwe ndani ya sheria inayopigiwa kura na Bunge, kama kodi zinavyopigiwa. Na bodi za mifuko ziwe na nguvu ya kukataa mradi wa Serikali usiolipa.

Tano, mapato ya kodi yakuzwe kwa kupanua wigo na kupunguza misamaha isiyo na tija, pole pole na kwa maelewano. Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 iliyoanza Julai 2025 itaongeza mafao ya baadaye na michango ya leo. Itakuwa na maana endapo tu kodi ya kuilipia itapatikana.

Hakuna kikokotoo kitakachomlinda mstaafu dhidi ya Serikali isiyolipa michango yake, na hakuna Serikali itakayolipa kama haikusanyi kodi kwa haki. Mtumishi alikwisha kutimiza sehemu yake siku mchango ulipokatwa kwenye mshahara. Iliyobaki ni zamu ya mwajiri.